Maswali Yenu: Hesabu Iliyobandikwa Mlangoni

Mwezi uliopita niliandika kwenye ukurasa huu kwamba Kenya ina sheria za uchaguzi nzuri kuliko tunavyozitunza. Barua zimemiminika, za kunipongeza na za kunikemea, nami nimechagua sita za kujibu. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 33, Malindi na ng'ambo ya Mto Sabaki, na tangu 1997 hadi 2017 nilifanya kazi ya uchaguzi vituoni, kwanza karani, baadaye msimamizi wa kituo. Sheria sikuisomea chuoni. Ninayoyajua nimeyajulia kwenye madarasa ambayo madawati yake yamesukumwa ukutani, usiku wa manane, tukihesabu.

SWALI: Bi Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea siasa. Tumepewa kazi ya kupima sheria za uchaguzi na taasisi za demokrasia za nchi moja inayoendelea, nami nimechagua kwetu Kenya. Katiba nimeisoma yote, sheria ya uchaguzi nimeisoma, na sasa nina kurasa nyingi za maelezo lakini sina kipimo. Nipime kwa nini? (Mwanafunzi, Kilifi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka Katiba kando kidogo, uanzie mlangoni mwa kituo.

Kura zikiisha kuhesabiwa, msimamizi wa kituo huandika hesabu ya urais kwenye Fomu 34A. Mawakala wa wagombea hutia sahihi, kila mmoja hupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni ili mwenye macho asome. Sasa jiulize: kutoka mlango huo mpaka ukumbi anakotangaziwa rais, hesabu ile inapita mikononi mwa wangapi? Na katika mikono hiyo, upo hata mmoja uliopewa ruhusa ya kuibadilisha? Nikitaka kuipima sheria ya uchaguzi ya nchi yoyote, naanza na swali hilo.

Pima Kenya kwa swali hilo uone tulikotoka. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, chama kikiwa kimoja tu, tulipiga kura ya mlolongo. Watu walisimama nyuma ya mgombea wanayemtaka, au wakala wake, wakahesabiwa hapo hapo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa, hakuna tena kura ya siri. Nilikuwa mwalimu kijana na nilisimama kwenye mstari mrefu, mrefu kweli kweli, kutoka kwenye mwembe hadi barabarani. Jioni tukaambiwa mstari mfupi ndio ulioshinda. Tungedai nini? Mlolongo ukishavunjika, hakuna cha kuhesabu tena ila nyayo mchangani.

Vyama vingi viliporudi, masanduku yalikuja lakini kura hazikuhesabiwa kituoni. Desemba 1997 mvua za El Niño zilikata barabara hata upigaji kura ukaongezwa siku moja, na sisi makarani tulipanda lori pamoja na masanduku kuelekea kituo cha kuhesabia cha eneobunge. Nililala nimekumbatia sanduku kama mtoto mgonjwa. Mwaka 2002 ndipo tulipoanza kuhesabu kule kule zilikopigwa, nami nakwambia, hakuna badiliko la sheria lililonipa raha kama hilo. Wanakijiji walichungulia madirishani wakihesabu pamoja nasi kwa sauti.

Lakini 2007 ilitufundisha kwamba kuhesabu kituoni hakutoshi. Nilikuwa msimamizi wa kituo kwa mara ya kwanza. Fomu wakati huo iliitwa 16A. Tulihesabu kwa taa ya karabai, mawakala wakakubaliana, nikaandika kwa mkono wangu. Saa tisa usiku niliikabidhi kwenye ukumbi wa kujumlishia. Aliyenipokea hakuitazama. Hakunipa stakabadhi. Aliitia kwenye katoni pamoja na nyingine akaniambia niende nikalale. Siku mbili baadaye, Desemba 30, rais alitangazwa na kuapishwa magharibi ileile, na nchi ikawaka. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Mama mmoja kijijini alinijia akaniuliza, "Mwalimu, sisi hapa tulipata ngapi?" Nilizikumbuka hesabu kichwani, lakini karatasi ya kumwonyesha sikuwa nayo. Mpaka leo sijui fomu yangu iliishia wapi. Tume ya jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ilipochunguza uchaguzi ule, iliona mambo yameharibika kiasi kwamba haiwezekani kumjua mshindi wa kweli. Niliposoma hayo mwaka 2008 nilikaa chini nikalia, kwa sababu kituoni kwangu mshindi tulimjua.

Sasa ndipo urudi kwenye Katiba ya 2010 uisome upya. Kifungu cha 86 kinataka mfumo wa kura uwe rahisi, sahihi, salama, unaoweza kuthibitishwa, wenye uwajibikaji na uwazi. Maneno mazuri, lakini yalihitaji mtu wa kuyashikilia mahakamani. Juni 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho, na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi kule Nairobi hana mamlaka ya kuyageuza. Hiyo kesi usiiache nje ya kazi yako. Hapo ndipo karatasi ya mlangoni ilipopewa nguvu.

Taasisi nazo uzipime kwa kuuliza: kiti kikiwa wazi, nani anaumia? Nitalijibu hilo kwa barua ya Magarini hapa chini. Kisha tafuta zile sheria zilizoandikwa zikalala. Katiba inasema vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Bunge halikutunga sheria ya kulitekeleza hilo, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje Bunge, na Bunge halikuvunjwa. Mwaka 2022 katika maeneobunge 290, wanawake waliochaguliwa walikuwa karibu 30 tu. Ipo pia Sheria ya Fedha za Kampeni ya 2013, ya kuweka ukomo wa matumizi ya wagombea. Umewahi kuuona ukomo huo ukifanya kazi? Mimi nimeona leso, nimeona unga, nimeona noti za mia mbili zikigawanywa nyuma ya msikiti na nyuma ya kanisa, na sheria ikiwa kabatini. Mwalimu wako akikuuliza kwa nini umeandika kurasa nyingi kuhusu fomu na chache kuhusu fedha, mwambie fomu tumezipigania tukapata, fedha bado.

SWALI: Bi Mwalimu, mimi ni mzee na nitasema wazi. Agosti 2017 nilimpigia kura Uhuru Kenyatta. Alimpita Raila Odinga kwa kura kama milioni 1.4. Kisha majaji wanne wa Mahakama ya Juu wakaitupa kura yangu kwa sababu ya fomu. Pengo kubwa namna ile! Hiyo ndiyo demokrasia unayotusifia? (Mzee, Mpeketoni)

JIBU: Mzee wangu, hasira yako naiheshimu, maana hata kura za kituo changu zilitupwa siku ile. Nilisimamia chumba kimoja tangu saa kumi alfajiri hadi saa sita za usiku, sikula, na hakuna wakala aliyelalamika. Septemba 1 redio ikasema uchaguzi umebatilika. Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya wanafunzi wangu.

Nilipotulia nikaitafuta sababu, na sababu yenyewe imekaa kwenye neno moja. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema uchaguzi hautabatilishwa kwa kuvunja sheria ikiwa uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba "au" ikiwa kasoro hazikuathiri matokeo. Majaji walio wengi, wanne dhidi ya wawili, walilisoma hilo "au" kama lilivyo. Anayepinga akithibitisha kwamba misingi ilivunjwa, inatosha, hata asipoonyesha kwamba hesabu ingebadilika. Nao waliona misingi imevunjwa: mwenyekiti alitangaza mshindi Agosti 11 wakati maelfu ya Fomu 34A hayajamfikia, baadhi ya fomu za maeneobunge zilikosa alama za usalama, na mahakama ilipoagiza seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Mtu anayeficha daftari lake wakati mwalimu amesema lifunguliwe, mwalimu afikirieje?

Majaji walitoa mfano wa hesabu za shuleni, kwamba ukifika kwenye jibu lazima uonyeshe njia uliyopita. Mimi nilifundisha hesabu. Nimewanyima alama watoto wengi walioandika jibu sahihi bila njia, na wazazi wao wakaja kugomba kama unavyogomba wewe leo. Sikuwarudishia alama. Jibu bila njia linaweza kuwa limenakiliwa, na mimi mwalimu nisingejua.

Na uone lilivyo zito neno lile: Oktoba ileile Bunge lilikibadilisha kifungu, likaondoa "au" likatia "na", ili anayepinga athibitishe mambo yote mawili. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikayafuta mabadiliko hayo. Neno dogo kwa neno dogo. Vijana wanaodhani sheria ni maneno matupu wakae walitafakari hilo.

Hata hivyo sitakwambia kwamba mambo yaliishia vizuri. Uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26 Raila aliususia, kamishna mmoja wa tume alikuwa amejiuzulu akiwa Marekani, kaunti nne za Nyanza hazikupiga kura, na waliojitokeza nchi nzima hawakufika asilimia 40. Watu walikufa. Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya tume, alikuwa ameshauawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Mahakama yetu ilikuwa ya kwanza barani Afrika kubatilisha uchaguzi wa rais, na hilo nalijivunia, lakini mahakama haiwezi kuwalinda wapigakura barabarani. Kura yako, mzee wangu, haikuibwa na majaji. Ilipotezwa na wale walioshindwa kuonyesha njia.

SWALI: Bi Mwalimu, sisi wa Magarini tulipiga kura mwezi wa nane 2022, kisha ikawa kesi juu ya kesi, ubunge ukafutwa, na uchaguzi mdogo tukaufanya Novemba 27, 2025. Nyumbani wananiuliza kwa nini miaka mitatu, nami sina jibu. (Mama Karisa, Marafa)

JIBU: Mama Karisa, zilikuwa kesi, na kesi za ubunge huweza kupanda ngazi mpaka juu. Hilo ni sehemu moja. Sehemu ya pili ndiyo inayoniuma: hata ngazi zilipoisha, aliyepaswa kuwaitia uchaguzi hakuwepo.

Makamishna watatu wa mwisho wa tume walimaliza muda wao Januari 2023. Mwenyekiti mpya na wenzake waliapishwa Julai 2025. Miaka miwili na nusu Kenya ilikuwa na ofisi za tume, magari ya tume, wafanyakazi wa tume, lakini makamishna hakuna, na bila makamishna hakuna wa kuitisha uchaguzi mdogo. Katiba inasema kiti cha mbunge kikiwa wazi kijazwe ndani ya siku 90. Waulize wa Banissa, Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023, na walipiga kura siku ileile mliyopiga nyinyi, Novemba 2025. Watu wa eneobunge zima hawakuwa na mtu wa kuwasemea bungeni wakati bajeti tatu zinapita.

Mipaka nayo ilikwama. Maeneobunge yalipimwa mara ya mwisho 2012, na Katiba inataka yapimwe tena kati ya mwaka wa nane na wa kumi na mbili. Machi 2024 ikapita. Kwetu hii si habari ya ramani tu: mipaka ndiyo inayoamua kama nyanya yako atatembea kilomita mbili kwenda kupiga kura au kumi.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu sheria haikuwa na tatizo. Siku 90 zimeandikwa kwa tarakimu. Waliochelewa ni wanasiasa wa pande zote mbili, wakivutana nani ateue wateuzi wa tume. Ukisikia mwanasiasa anasema tume ni muhimu, muulize alikuwa wapi 2023 na 2024.

SWALI: Bi Mwalimu, nafanya kazi za ndani Jeddah mwaka wa sita sasa. Mwaka 2022 nilitamani kupiga kura nikaambiwa Saudia hakuna kituo. Sisi si Wakenya? (Mfanyakazi, Jeddah)

JIBU: Ni Wakenya, mwanangu, na fedha mnazotuma zinalipa karo za watoto katika kila kijiji ninachokijua. Mwaka 2022 vituo vya nje viliwekwa katika nchi 12. Katika Ghuba vilikuwa Qatar na Falme za Kiarabu peke yake. Waliojiandikisha nje kote walikuwa elfu kumi na kidogo, na hata hao walipigia kura urais tu.

Chanzo kipo kwenye Kifungu cha 82. Kinataka Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha raia walio nje "hatua kwa hatua". Kesi ya kupinga matokeo ya urais imepewa siku 7 za kufunguliwa na siku 14 za kuamuliwa, kwa hiyo inafunguliwa na inaamuliwa. Haki yenu imepewa hatua bila tarehe, na anayeambiwa aende hatua kwa hatua bila kuambiwa afike lini, atapumzika njiani. Uandikishaji wa wapigakura ulifunguliwa tena Septemba 2025, na uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Jikusanyeni, andikeni majina na nambari za pasipoti, mpeleke ubalozini Riyadh na ubalozi mdogo wa Jeddah, na nakala muitume kwa tume Nairobi. Barua ya mmoja hupotea. Orodha ya mia tano ina uzito.

SWALI: Bi Mwalimu, nakusoma nikiwa Tanga. Nyinyi mnabishana kama mahakama ilifanya sawa au vibaya. Kwetu Katiba yenyewe inakataza mahakama kuuchunguza uchaguzi wa rais. Je, kipimo chako kinatufaa sisi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, kinafaa, ingawa majibu mtayatoa nyinyi wenyewe. Ibara ya 41(7) ya Katiba yenu ya 1977 inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa rais, mahakama yoyote haitakuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kwa swali langu la mikono, hapo mkono wa mwisho ni wa Tume na hakuna anayeukagua. Mimi naona hilo ni pengo kubwa, na ningeliona hivyo hata kama kila tume iliyowahi kukaa ingekuwa ya malaika. Mtu mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi kukaguliwa.

Kuhusu mgombea binafsi, yule asiye na chama, Mahakama ya Afrika iliyopo hapo hapo Arusha ilisema Juni 2013 kwamba kumzuia ni kukiuka haki. Sisi tunamruhusu tangu 2010.

Ukitaka mfano ulio nje ya sisi wawili, tazama Malawi. Uchaguzi wa Mei 2019 ulipingwa kwa sababu fomu za matokeo zilikuwa zimepakwa ule wino mweupe wa kufutia, tarakimu zikaandikwa juu yake. Februari 3, 2020 majaji watano waliubatilisha, wakiwa wamefika mahakamani wamevaa fulana za kuzuia risasi. Marudio yalifanyika Juni na mpinzani, Lazarus Chakwera, akashinda. Malawi si tajiri kuliko Tanzania wala Kenya. Nchi ikiwa maskini bado inaweza kuwa na karatasi safi na jaji asiyeogopa.

SWALI: Mwalimu, unikumbuke, ulinifundisha darasa la nne. Nimeomba kazi ya usimamizi wa kituo 2027. Nimesikia mawakala wengine hukataa kutia sahihi Fomu 34A ili waje waseme matokeo ni batili. Ikinitokea nifanye nini? (Mwanafunzi wako, Gongoni)

JIBU: Nakukumbuka, ulikuwa ukikaa karibu na dirisha.

Wakala akikataa kutia sahihi, hesabu haiharibiki kwa sababu hiyo peke yake. Kanuni zinakutaka uandike kwenye fomu kwamba amekataa na sababu aliyoitoa. Kama ameondoka, andika ameondoka. Usimbembeleze mpaka alfajiri na usimtishe. Lakini kwanza muulize mbele ya wenzake, kwa sauti ya kawaida, anapinga karatasi gani. Mara nyingi utakuta hapingi kitu, ana njaa na amechoka, au amepigiwa simu. Nilipata kumsubiri mmoja nusu saa akaja akatia sahihi mwenyewe, kwa sababu nilikubali kuzihesabu tena kura za mgombea wake, moja moja, naye akishika taa.

Hesabu urais kwanza. Karatasi nyeupe zile zipange mafungu ya hamsini, si mia, maana kosa la fungu la hamsini hulipata upesi. Kura iliyokataliwa mwonyeshe kila wakala kabla ya kuiweka kando. Kumbuka kwamba 2013 mshindi alivuka nusu kwa kura elfu nane na ushei katika nchi nzima, na mahakama ikabidi iamue kama kura zilizokataliwa zinaingia kwenye hesabu ya asilimia, ikasema haziingii. Kila karatasi unayoiweka kwenye fungu la kukataliwa ina uzito huo. Jumlisha mara mbili kwa kikokotoo na mara moja kwa mkono. Ukikosea tarakimu, usifute: kata kwa mstari mmoja, andika sahihi pembeni, utie saini na mawakala watie. Kisha piga picha, tuma, na ubandike nakala mlangoni kabla hujafikiria kulala.

Na uandike vizuri. Kituo kimoja hakitazidi wapigakura 700, kwa hiyo tarakimu zako zitakuwa chache, zipe nafasi. Nitakwambia kwa nini nalisisitiza hilo. Agosti 2022 sikufanya kazi, magoti yalikuwa yamekataa. Nilikaa sebuleni kwangu, na mjukuu wangu akafungua kwenye simu ule ukurasa wa tume uliokuwa ukionyesha Fomu 34A zote, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila Mkenya na kila mgeni akitazama. Nilimwambia atafute shule yangu ya zamani. Picha ikaja taratibu, mtandao ulikuwa mzito. Wiki ile makamishna wanne walikuja kuyakana matokeo, mwenyekiti akamtangaza mshindi kwa asilimia 50.49, na Septemba 5 majaji wote saba wakayathibitisha. Lakini siku ile hatukuyajua hayo bado. Niliiona fomu. Tarakimu 7 ilikuwa na kistari katikati na mkia mfupi, kama ninavyoiandika mimi, kama nilivyowaandikia ubaoni miaka yote ile. Msimamizi alikuwa mwanafunzi wangu. Nilichukua kalamu, nikazijumlisha kura zake kwenye bahasha ya KPLC, kampuni ya umeme, iliyokuwa mezani, nikipita mstari baada ya mstari.

Zilikuwa sawa. Nikamwambia mjukuu wangu afungue ya kituo kinachofuata.